Kisanduku cha tatu: historia ya herufi ambazo kompyuta ilishindwa kuhesabu

Leo naleta hadithi iliyoanza na mtoto na simu, halafu ikanipeleka mpaka Nyangwe, Lubumbashi na Amerika.

Wakati wa likizo nilimtengenezea mupwa wangu, mtoto wa miaka minane, mchezo wa kukisia maneno. Mnaujua: neno limefichwa, kuna visanduku, kila herufi na kisanduku chake. Mtoto anabonyeza herufi, ikiwa imo inajitokeza, ikiwa haimo anapoteza nafasi. Niliweka maneno ya Kiswahili, ya Kifaransa na ya Lingala, maana hapa Goma mtoto anakulia ndani ya zote tatu, bila kuhesabu lugha ya nyumbani kwa nyanya yake.

Maneno ya kwanza yalienda vizuri. Maji, shule, école. Halafu likaja neno la Lingala mɔ́tɔ, yaani moto unaowaka. (Ukiandika moto, kwa o ya kawaida, ni mtu. Ukiandika motó ni kichwa. Lingala haichezi na sauti.) Mtoto akapata m, akapata ɔ, akapata t. Neno lina herufi nne, kila mtu mwenye macho anaona nne. Lakini kwenye kioo kulikuwa visanduku vitano, na cha tatu kilibaki wazi. Akabonyeza herufi zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, mpaka mashini ikamwambia ameshindwa.

«Tonton, nimepata zote. Iko inanidanganya.»

Mimi nimesoma informatiki. Nimetetea TFC mbele ya jury, nikapigiwa makofi. Lakini siku ile sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka minane, na lililoniuma zaidi ni kwamba yeye alikuwa na haki. Alihesabu vizuri. Programu yangu ndiyo haikujua herufi inaanzia wapi na inaishia wapi.

Bon, kisanduku cha tatu kilikuwa na nini? Kilikuwa na alama ya toni peke yake. Kwa macho yetu ɔ́ ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu viwili: kwanza ɔ, yenye namba yake, halafu alama ya kupandisha sauti, nayo yenye namba yake. Kibodi yangu ilikuwa na ɔ lakini haikuwa na kitufe cha alama tupu, kwa hiyo kile kisanduku hakuna binadamu ambaye angeweza kukijaza.

Angalieni hesabu hii, maana inashangaza. Neno mɔ́tɔ ukiliuliza PHP kwa strlen, linajibu 8, kwa sababu linahesabu baiti. Ukiliuliza Python au JavaScript, linajibu 5, kwa sababu linahesabu namba zilizoandikwa. Ukiliuliza Swift ya Apple, linajibu 4. Neno lile lile, majibu matatu, na moja tu ndilo linalolingana na la mtoto. Na ukiliambia Python ligeuze neno kinyumenyume, alama inahama kutoka juu ya ɔ na kukaa juu ya t. Herufi ya namna hiyo hakuna anayeijua, si Kinshasa wala Mbandaka.

Nilipoanza kutafuta sababu, nilidhani nitakuta kosa la fundi mmoja. Kumbe ni historia ndefu, na sehemu yake imepita kwetu.

Kiswahili hakikufika upande huu kwa herufi za Kilatini. Kilifika na misafara iliyotoka pwani, na pamoja nacho yakaja maandishi ya Kiarabu. Kwenye Lualaba, katika miji kama Nyangwe na Kasongo, karne ya 19, watu wa biashara waliandikiana kwa Kiswahili kilichovaa herufi za Kiarabu. Hamed bin Muhammed, yule ambaye tunamjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa namna hiyo, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa herufi za Kilatini mwanzoni mwa karne ya 20. (Kwamba misafara ile ilibeba pia pembe na watumwa, hilo hatulisahau. Mwandiko na mnyororo vilikuja kwa njia moja.)

Sasa, katika mwandiko ule «ba» unaandikwaje? Unaweka herufi be, halafu juu yake kijistari kidogo kinachoitwa fataha, ambacho ni irabu a. Mwandishi akiona kile kitu anaona kimoja: ba. Kompyuta ya leo inaona namba mbili. Ni shida ile ile ya ɔ́, isipokuwa imetutangulia kwa miaka mia na zaidi.

Na washairi wa pwani walikuwa na kipimo chao kingine kabisa. Wao hawakuhesabu herufi, walihesabu mizani. «Mtu» ni mizani mbili, m-tu. «Mbuzi» nayo ni mbili, mbu-zi, ijapokuwa ina herufi tano. Ile m ya mtu inasimama peke yake, ile m ya mbuzi inaegemea b. Hakuna namba inayoonyesha tofauti hiyo, ni sikio tu linalojua. Nataja hili kwa sababu watu wengi wa informatiki, mimi wa kwanza, tunadhani herufi ni kitu kilichopo tayari, kama jiwe la volkano, wewe unaokota tu. Mpaka wa herufi unategemea nani anahesabu na anahesabia kazi gani.

Wakoloni na wamisionari walikuja na Kilatini, na pamoja nacho mashini ya kupiga chapa yenye kibodi ya Kifaransa. Wale ambao wazazi wao walifanya kazi katika sekretaria za zamani wataikumbuka. Kulikuwa na vitufe vya é, è, à, ç tayari tayari. Lakini kwa ê kulikuwa na kitufe cha ajabu: ukikibonyeza, kofia ^ inachapwa lakini karatasi haisogei. Halafu unabonyeza e, inakaa chini ya ile kofia. Mapigo mawili, herufi moja. Mashini ile ya chuma haikuuliza kama chini ya kofia kuna e au kitu kingine. Ilikubali chochote ulichokipa.

Mwaka 1928 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, ya kule London, ambayo Mjerumani Diedrich Westermann alikuwa mmoja wa wakuu wake, ilitoa pendekezo la alfabeti moja kwa lugha za Afrika. Ndani yake mlikuwa ɛ, ɔ na ŋ. Kiswahili hakikuichukua ŋ, kilibaki na ng' yake yenye mkia. Lakini ɛ na ɔ ziliota mizizi katika lugha nyingi, Lingala ikiwemo. Mwaka 1974 wataalamu wa lugha wa Zaire walikutana Lubumbashi ili kupanga namna ya kuandika lugha za nchi, na katika kanuni zilizotokana na kazi hiyo Lingala ina ɛ na ɔ, ina alama za toni, na tena inahesabu mb, nd, ng na ny kama herufi. Kumbukeni hilo la ng, tutalirudia.

Kwa hiyo 1974, kwenye karatasi, jambo lilikuwa limeamuliwa na watu wenye lugha yao. Ni kweli kwamba mtaani, mpaka leo, wengi wanaandika moto kwa maana zote tatu na wanaelewana. Lakini kanuni ilikuwepo.

Ila upande wa kompyuta, watu waliokuwa wanaamua walikuwa wengine. ASCII ya Marekani, iliyotoka 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu, zinazotosha Kiingereza. Mwaka 1987 ikaja ISO 8859-1, ya lugha za Ulaya ya magharibi: humo é ilipata kiti chake, ñ kiti chake, ü kiti chake. (Œ ya Wafaransa ilikosa kiti! Neno sœur halikuandikika sawasawa kwa jedwali hilo. Nalitaja kwa furaha kidogo, nisameheni.) Ɔ na ɛ hazikuwa hata mlangoni.

Unicode ilipotoka 1991, ahadi yake ilikuwa kubwa: kila mwandiko wa dunia, kila herufi na namba yake. Na ilitimiza mengi, hilo lazima tuliseme. Ɔ na ɛ ziliingia. Lakini ilibidi wakubali majedwali ya zamani ili kazi za watu zisiharibike, kwa hiyo é iliingia nzima, kama kitu kimoja, kwa sababu ilikuwa kitu kimoja katika jedwali la Ulaya. Wavietnamu nao walipata zao: ế, yenye alama mbili juu, ina namba moja tu. Kwa ɛ́ hapakuwa na jedwali la zamani la kuionyesha. Ikaambiwa itumie vipande viwili.

Halafu mlango ukafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Unicode iliweka sheria kwamba namna ya kuunganisha vipande haitabadilika tena, ili maandishi ya jana yasomeke kesho kwa njia ile ile. Sheria hiyo ina akili, siipingi. Lakini matokeo yake ni kwamba é inaweza kuandikwa kwa namba moja, na ɛ́ haitapata yake kamwe. Programu nyingi zilizoandikwa na watu wa lugha za Ulaya zilifanya kazi vizuri kwa é, fundi akadhani amemaliza. Kosa lilikuwemo tangu siku ya kwanza. Lilingoja tu mtu wa Lingala, au wa Kiyoruba, alifungue.

Na dawa ilikuwepo. Mwaka 2003, pamoja na toleo la 4.0, Unicode ilitoa waraka namba 29, ulioandikwa na Mark Davis, unaoeleza namna ya kutafuta mipaka ndani ya maandishi: mpaka wa sentensi, mpaka wa neno, na mpaka wa kile ambacho mtumiaji mwenyewe anakiona kama herufi moja. Kitu hicho wanakiita kundi la grafimu. Mimi nitakiita herufi ya macho, ni rahisi zaidi. Kanuni yake ya msingi, ukiiondolea mapambo, inasema: tembea namba kwa namba, na usikate mbele ya alama inayopanda juu ya mwenzake. Baadaye, 2008, waliipanua ili ishike vizuri zaidi miandiko ya Asia kama ile ya India.

Basi kwa nini programu nyingi hazikuifuata kwa miaka na miaka? Jibu langu ni la uchungu kidogo: kwa sababu aliyekuwa anaumia hakuwa na sauti. Aliyebadilisha mambo ni emoji. Ziliingia Unicode rasmi mwaka 2010, na muda si muda kila mtu wa San Francisco alikuwa na shida ya mupwa wangu. Ile picha ya familia, baba, mama, binti na mwana, ni namba saba zilizofungwa pamoja na kamba isiyoonekana. JavaScript inaihesabu 11. Ina baiti 25. Ukibonyeza kufuta mara moja kwenye programu mbovu, anatoweka mtoto mmoja. Watu wakacheka, halafu wakakasirika, halafu mafundi wakatumwa kazini. Mwaka 2014 Apple ilitoa Swift, ambayo herufi yake ni herufi ya macho moja kwa moja. Mwaka 2016 waraka namba 29 ukaongezewa kanuni za emoji na bendera.

Bendera hizo ni kichekesho chenyewe. Bendera yetu kwenye simu si picha moja, ni herufi mbili maalum, C na D. Ya Kenya ni K na E. Sasa chukua bendera ya Congo na ya Kenya zikiwa bega kwa bega, kama watu walivyoziweka tulipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Umeandika C D K E. Programu isiyojua mipaka ikikata namba moja ya mwanzo, zinabaki D K E. D na K ni Denmark. Umeandika udugu wa Congo na Kenya, umepata bendera ya Denmark na E moja yatima. Jaribuni, mtaona.

Kuna mahali pengine ambapo kuhesabu herufi kunatugusa mfukoni, nako ni SMS. SMS moja inabeba herufi 160 kama zote zimo katika jedwali dogo la GSM. É, è, à na ù zimo. Ê, ô na ç ndogo hazimo, wala ɔ. Ukiweka moja tu ya hizo, simu nyingi zinahamisha ujumbe wote kwenye mfumo mwingine, na nafasi zinashuka mpaka 70. Kwa hiyo ukiandika «fête» badala ya «fete» katika ujumbe wa herufi mia moja, unaweza kulipa mbili. Watu wa kikundi chetu cha akiba walikuwa wakishangaa kwa nini unité zinaisha haraka kila tunapotuma mwaliko wa sherehe. Njo hiyo ê.

Donc nilirudi kwenye mchezo. Kwa wale wanaoandika programu, nitasema nilichofanya, mengine mtajisomea. Katika JavaScript kuna Intl.Segmenter: unaipa maandishi, inakurudishia herufi za macho moja moja. Chrome iliipata 2020, lakini Firefox ilichelewa mpaka 2024, kwa hiyo angalia mtumiaji wako ana nini. PHP ina grapheme_strlen na ndugu zake. Python yenyewe haina, lakini ukiweka maktaba inayoitwa regex, alama \X inashika herufi ya macho nzima. Kabla ya kulinganisha maandishi mawili, yapitishe kwanza kwenye NFC, ili é ya vipande viwili na é ya kipande kimoja zisiitwe maadui. NFC haitaiunganisha ɔ́, mnajua sasa kwa nini.

Na kibodi ya mchezo nikaibadilisha: badala ya kuchora vitufe kwa namba, nachora kwa herufi za macho zilizomo katika orodha ya maneno. Ɔ́ ikapata kitufe chake. Mɔ́tɔ ikapata visanduku vinne. Nilijiona mkubwa sana.

Nikampa mtoto simu. Neno lililofuata lilikuwa ng'ombe.

Visanduku saba. Akaanza vizuri, o, m, b, e, n, g. Kikabaki kimoja, cha tatu tena, na ndani yake kile kimkia. Akaniangalia.

Hapa waraka namba 29 haukusaidii, na wenyewe unakiri. Unatoa mfano wa Kislovakia, ambako ch ni herufi moja kwa wenye lugha ingawa kanuni ya kawaida inaikata mara mbili, na unasema lugha ya namna hiyo inahitaji kushonewa nguo yake. Kwa Lingala ya 1974, ng ni herufi. Kwa Kiswahili, mwalimu anakwambia ng' ni sauti moja. Intl.Segmenter nimeijaribu kwa Kiswahili na kwa Lingala, jibu ni lile lile: n, g, kimkia. Hiyo nguo lazima uishone mwenyewe.

Na kimkia chenyewe kina sura zaidi ya moja. Kuna kile kilichonyooka cha kibodi, kuna kile kilichopinda ambacho simu inakiweka bila kukuuliza, na kuna kingine ambacho Unicode imekihesabu kama herufi kamili. Kwa macho ni ndugu mapacha. Kwa mashini ni watu watatu tofauti, ndiyo maana ukitafuta ng'ombe katika faili la mwenzako unaweza kuambiwa hayupo. Halafu sisi wa huku, tuseme ukweli, wengi tunaandika ngombe bila kimkia na tunatamka g yake wazi wazi. Je, kwa mtoto wa Goma ng ya ngombe ni herufi moja au mbili?

Sikutaka kuamua peke yangu. Nilichukua karatasi, nikaandika NG'OMBE kwa herufi kubwa, nikampa mtoto kalamu na kumwambia achore mstari kila mahali ambapo herufi inaishia. Alichora bila kufikiri sana: baada ya NG', baada ya O, halafu akasita kidogo kwenye MB, akaniangalia, akaziacha pamoja, akamaliza na E. Visanduku vinne.

Ndivyo nilivyoandika orodha: ng' inatangulia ng, ili isimezwe, vimkia vyote vitatu vinahesabiwa kimoja, halafu mb, nd, ny na wenzake. Dada yake wa sekondari alipouona mchezo alipinga, akasema shuleni m na b ni mbili. Sasa kwenye mipangilio kuna kitufe cha kuchagua, na wanagombania simu.